Ndege Iliyofukizwa Udi

Haya, chekeni mpaka mchoke, maana mimi mwenyewe nimeshatahayari vya kutosha, na hata leo nikisikia harufu ya udi mahali masikio yanapata moto. Ilikuwa miaka ya tisini, Minnesota, nami kijana wa Mombasa mwenye kazi ya ghalani kule Plymouth, gari bovu, na posa. Posa ya Rukia, binti wa Mzee Shaibu wa Maplewood. Wazee walikwisha kuipeleka, tukawa twangoja jibu tu, na jibu lingetoka Jumapili familia ikisharudi kutoka harusini Chicago.

Sasa Mzee Shaibu (kazi yake kufua mashuka ya hospitali, roho yake rubani) alikuwa na ndege ndogo ya kuongozwa kwa rimoti, aliyoiunda kwa mkono wake majira mawili ya baridi. Kabla ya safari akaniletea. "Twalib, kazi yako ni ku-charge betri tu. Usiirushe." Nikamwambia, "Inshallah Mzee, haitoki humu ndani." Jumatatu ikatoka.

Nilisema moyoni, mara moja tu, nijifunze, ili siku moja Mzee aone kwamba mkwe wake naye ni fundi. Nikaenda kwenye kiwanja kitupu nyuma ya ghala, ikapaa, nikajiona mwanamume, kisha ikageuka kunijia, na hapo ndipo nilipojua kwamba ndege ikikuelekea kushoto kwake ni kulia kwako, maana nilivuta rimoti upande niujuao mimi nayo ikaenda moja kwa moja mpaka mlingoti wa taa. Pua ikapondeka, bawa la kushoto likawa vipande viwili.

Jioni Rukia akapiga simu kutoka Chicago. "Ndege ya Baba iko salama?"

"Salama salimini," nikajibu (ulimi huu!), na nilipokwisha kusema hivyo sikuwa na njia ila ndege ipone kabla ya Jumapili, potelea mbali. Nikaenda duka la vifaa vya ndege hizo, Mzungu mmoja mzee akanipa vijibao vyepesi kama biskuti, gundi, na plastiki nyembamba ya kuvalisha bawa, ile inayobandikwa kwa pasi na ikipata joto hujikaza yenyewe. Akaniinulia kidole: joto likizidi, plastiki itavuta mpaka bawa zima lipinde. Nikaitikia kwa adabu.

Siku nne nikitoka kazini ni mezani moja kwa moja, nakata mbavu za bawa, natia gundi, nabana kwa vibanio vya nguo, napiga msasa, vidole vikagandana hata nikala wali kwa kijiko. Kila jioni simu, kila jioni "salama". Ijumaa nikamaliza, nikaitazama, na haki ya Mungu machozi yalinilenga.

Tatizo likabaki harufu, nyumba nzima inanuka gundi na ndege ndiyo zaidi. Sasa sisi watu wa pwani nguo ikinuka hufanya nini? Nikawasha mkaa, nikatia udi kwenye chetezo, nikaifukiza ndege ya watu kama kanzu ya Idi, na bawa la kushoto nikalizidishia. Onyo la yule mzee wa dukani halikunijia hata kidogo, maana yeye alinena habari za pasi.

Jumapili tukakutana uwanja wa warusha ndege, nje ya Eden Prairie, jamaa wote na mikeka na sambusa, Wazungu na viti vyao. Mzee akaiinua ndege, akainusa, akaninusa na mimi.

"Twalib, hii ndege nayo ilikwenda harusini?"

Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka kuliko wote. Hapo ndipo ningesema kweli. Nikasema, "Ni baraka tu, Mzee."

Ikapaa. Kumbe bawa limepinda, Mzee anaivuta kulia yenyewe inaviringika kushoto, wanawake wanapiga mayowe, Mzungu mmoja kajitupa chini ya meza, mara puu, ndani ya ndoo ya juisi! Mzee akaokota bawa, akapitisha kidole kwenye maungio yangu. "Hapa pamepita mkono wa mtu."

Nikakiri yote mbele ya kadamnasi, mlingoti, gundi na chetezo. Mzee akanikazia macho, kisha akacheka mpaka akaketi chini. Nikashusha pumzi, nikajua posa imepona.

Lakini Rukia hakucheka. Alisimama, shungi limelowa juisi. "Baba ataunda nyingine. Lakini mimi nilikuuliza kila siku, Twalib, na kila siku ukaniambia salama. Nikiwa mkeo, kitu kikivunjika nyumbani nitajuaje? Mpaka kinukie?" Akamgeukia babake. "Jibu langu ni bado."

Niliumia, jamani, maana hakusema uongo hata neno moja.

Basi majira yale yote ya baridi nilikuwa na-drive hadi Maplewood kila Jumamosi, iwe theluji isiwe theluji, kuijenga ndege upya juu ya meza yao ya chakula, na kila nikiharibu ubavu nasema kwa sauti, "Rukia, nimekosea," naye bila kuinua macho kitabuni, "Nimesikia." Theluji ilipoyeyuka akakubali. Na tangu hapo nikivunja hata kikombe, namwita kwanza, ndipo naokota vigae.