Heri Kurogwa Kuliko Figo

Kwetu Kasoli, kabla ng'ombe wa mahari hawajatoka zizini, washenga huja kuuliza ukoo wenu una nini. Ukoma? Kifafa? Kichaa? Wanauliza huku wanakula kuku wenu, bila aibu. Ni desturi nzuri sana, ina kasoro moja tu: wanaojibu ni wale wale wenye binti wa kuoza.

Binti nilikuwa mimi. Na chumba cha nyuma alilala kaka yangu, miguu imemvimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Daktari wa Bariadi mjini alishasema ni figo, awahishwe Mwanza, na sisi ndugu tupimwe, maana baba yetu mdogo naye alikufa hivyo hivyo. Baba akaitikia vizuri, "Sawa, daktari," kisha akampakia mgonjwa kwenye baiskeli na kumrudisha nyumbani. Ugonjwa unaofuata damu! Nani angeoa damu hiyo?

Basi ikaamuliwa kaka karogwa. Kurogwa ni heshima, jamani. Pamba ilikuwa imeingia soko huria, wanunuzi wanagombania mzigo, baba kaezeka bati. Nani asingetuonea wivu? Tatizo ni kwamba aliyerogwa haendi Mwanza, anaenda kwa mfumu, mganga wetu. Kaka akawa ananyweshwa mizizi asubuhi na jioni, anazidi kuvimba, sisi tunasubiri posa ipite.

Siku ya washenga nilisimama mlangoni na sinia la ugali. Shangazi wa mchumba wangu, mama mmoja mwenye sauti ya kuswaga ng'ombe, akauliza, "Na huyo anayeguna ndani?"

"Karogwa," baba akasema, kwa unyonge wenye majivuno.

"Pole, baba. Walimwengu wabaya."

Hasira zikanipanda, nikalitua sinia chini. "Hajarogwa! Ni figo! Hata baba mdogo zilimuua. Msipotaka kunioa, basi, lakini kaka apelekwe hospitali!"

Baba alitamani ardhi ipasuke immeze. Shangazi akanawa mikono taratibu. "Figo," akasema. "Mdogo wangu naye alivimba hivyo. Na baba yetu. Sisi tukawaambia watu ni kurogwa."

Mngemwona baba alivyochangamka! Sasa hakuna wa kumcheka mwenzake. Ng'ombe walikubaliwa jioni ile ile, na kesho yake kaka alipanda lori la pamba kwenda Mwanza. Tulikuwa tumemchelewesha. Msibani jirani mmoja akanitikisia kichwa: "Mtu karogwa, nyie mnampeleka hospitali. Mlitegemea nini?" Nilitamani kumzaba kibao.

Siku hizi wataalamu wanasema wako Waafrika, wa Magharibi zaidi kuliko wa huku, waliorithi kitu katika damu kilichowakinga wahenga na malale, ule ugonjwa wa mbung'o. Ukikipata kwa mzazi mmoja mara nyingi hakikusumbui; ukikipata kwa baba na kwa mama, figo zinaweza kuchakaa mapema. Kama chetu ndicho hicho, sijui, hatukuwahi kupimwa. Ninachojua ni kwamba desturi ya kuchunguza damu ilizikutanisha damu mbili zile kwa vigelegele.

Nina watoto watatu. Asubuhi, kabla hawajaniamkia, nawaangalia kwanza nyuso, kama zimevimba. Naogopa.