Mama Mkwe Juu ya Mifuko ya Upepo

Miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa nchini na magari ya kila aina yakaanza kupita Songea, mimi nilikuwa fundi wa breki za upepo za malori. Asubuhi moja likaingia uwanjani kwangu gari refu jeupe lenye kitanda, jiko na choo ndani, limelalia upande wa kulia. Wenyewe walikuwa mzee wa Kizungu na mkewe, wakielekea Peramiho, ambako mzee aliwahi kufundisha ujanani. Kiswahili chake kilikuwa cha kanisani.

"Nyumba yangu imepiga goti," aliniambia, "nayo haiinuki."

Nikachungulia chini. Pale ambapo lori lina springi za chuma, hili lilikuwa na mifuko minene ya mpira iliyojaa upepo. Kompresa ilijaza mtungi, mtungi ukalisha mifuko, na kila upande ulikuwa na valvu yenye kijiti kilichoungwa kwenye ekseli. Gari likishuka kwa uzito, kijiti kinapanda na upepo unaingia. Likiinuka mno, kijiti kinashuka na upepo unatoka. Mahali fulani upande wa kulia palikuwa panavuja. Nikapanga magogo chini ya fremu, nikaacha nafasi ya kiganja tu lisije likanilalia, nikaingia na maji ya sabuni huku injini ikiunguruma.

Wakati huo mama mkwe wangu alikuwa amefika kutoka Mpitimbi kumwona binti yake. Yule mama wa Kizungu akawakaribisha wote wawili ndani wanywe chai. Mimi sikujua. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakaribiani; tangu nioe tulisalimiana kwa mbali, yeye akitazama pembeni, na mengine yote yalipitia kwa mke wangu.

Basi akakaa kwenye kochi la kulia, juu yangu kabisa. Gari likashuka, valvu ikafunguka, upepo ukaingia kwa mlio mrefu. Mama akadhani ni mimi ninayeguna kwa uzito wake, akasimama. Gari likapanda kupita kiasi, valvu ikatoa upepo, mlio ukarudi.

Mke wangu akainama karibu na tairi kunieleza kwamba mama anaomba radhi kwa kunikalia. Nikamwambia hajanikalia mimi, amekalia upepo. Akapeleka jibu, akarudi na swali: kama ni upepo, mbona unalalamika?

Nilihitaji akae, kwa sababu bila uzito tundu halikujitokeza. Mzee alijitolea kukaa yeye, lakini alikuwa mwembamba mno, kijiti hakikutikisika. Mama naye akakataa katakata kumkalia mume wa mwanawe aliyelala chali. Tukajadiliana karibu nusu saa, mzee akiuliza kila mara dhambi ni ipi. Mwishowe mama akatoa sharti: gari lizungushiwe khanga, ili aweze kusema hakujua nani yuko chini.

Tukafunga khanga nne. Nikabaki gizani na tochi mdomoni. Mama akakaa, na povu likafura kwenye nati ya bomba jembamba la upepo. Nikaomba ashuke, mke wangu akaniletea jibu kwamba chai haijaisha. Nikatoa upepo, gari likakalia magogo, nikakata ncha ya bomba iliyopasuka, nikaliingiza upya na kukaza. Kompresa ikajaza mtungi, na nyumba ikapanda taratibu, sawasawa pande zote, mama mkwe ndani na kikombe chake. Mzee akafanya ishara ya msalaba.

Jioni, wageni wakiwa wameshaondoka, nilikaa uani na mama mkwe akawa jikoni, ukuta kati yetu. Akaniuliza mwenyewe, bila kupitia kwa mtu, ule upepo unatoka wapi. Nikamweleza yote, na alisikiliza mpaka mwisho.

"Baba," akasema, "nyumba yangu imeinamia bondeni. Huwezi kuifungia mifuko hiyo?"

Nikamwambia mifuko ile haipatikani Songea. Jumamosi nikaenda Mpitimbi na jeki ya lori na mawe, naye akaniongoza kazi nzima akiwa nyuma ya mlango.