Kiti cha Uchochoroni

Siku ya kwanza nilipomwona wifi yangu Wuryani, alirudi kwenye studio yetu ya picha amekasirika, na picha yake ameishika mkononi.

"Mas Karyadi yuko wapi?"

Kaka yangu akatoka nyuma ya pazia akijifuta mikono. "Niko hapa, Mbak. Karibu." Kwetu Java mwanamume huitwa Mas kwa heshima, na mwanamke Mbak.

"Hiki ni nini?"

Kaka akaigeuza picha, akaitazama vizuri. "Ni… wewe."

"Chuoni wameirudisha. Karani ameniuliza kama ni mtu au ni Mlima Kelud siku ya ukungu."

Nilikuwa nafagia pale mlangoni, nikaziba mdomo nisicheke. Kaka yangu hakucheka. Kamera yake, kubwa ya mbao, aliyoachiwa na baba, ilikuwa imeharibika tangu Kelud ulipolipuka na majivu kutuingilia mpaka kwenye sufuria. Majivu yaliingia kwenye reli ya kusogezea lenzi, yakashikana na unyevu, reli ikaganda. Haikwenda mbele wala nyuma. Tangu hapo kila mtu alitoka na uso kama uji uliomwagika, na wateja walikuwa wameanza kupita wakiangalia upande mwingine.

"Nimekata tamaa, Mbak," kaka akasema. "Nitaiuza lenzi, niende kuuza tofu."

Basi hasira ikamtoka yule binti. Wazazi wake walikuwa wapikaji wa sukari ya mnazi kusini mwa Blitar, mji wetu, na yeye alikuwa anasomea ualimu wa fizikia kule Malang. Ukimwambia kitu kimeshindikana, hawezi kuondoka. Mpaka leo yuko hivyo.

"Nifungulie hiyo lenzi," akasema.

Akaishika mkabala na ukuta, akiielekeza dirishani, akaisogeza taratibu mpaka minazi ya ng'ambo ya mto ikatokea ukutani, midogo, vichwa chini, kila kuti linaonekana. Akapima kwa futi kamba kutoka kwenye lenzi hadi ukutani. Sentimita ishirini. Kisha akairudisha lenzi mahali pake, akapima kutoka hapo hadi kwenye kioo cha nyuma ambapo picha huangukia. Ishirini na moja.

"Lenzi yako ni nzima. Kilichoganda ni hii ishirini na moja tu. Kwa hiyo kuna mahali pamoja mbele ya kamera ambapo mtu atatoka safi. Tupatafute."

"Nimeshapatafuta. Kiti nimekisogeza mpaka kikagota ukuta."

"Ukutani ni mita ngapi?"

"Tatu na nusu."

Akachuchumaa, akachukua chaki na kuandika kwenye sakafu niliyotoka kufagia. "Moja gawanya kwa ishirini ya lenzi, ni sawa na moja gawanya kwa umbali wa mtu, jumlisha moja gawanya kwa umbali wa picha. Tunachokosa ni mtu. Basi moja ya ishirini, toa moja ya ishirini na moja. Inabaki moja ya mia nne na ishirini. Ipindue. Mtu wako akae mita nne na sentimita ishirini."

Kaka yangu akautazama ukuta kana kwamba ungeweza kurudi nyuma. "Chumba kimeisha, Mbak. Nimkalishe kwa jirani?"

"Uchochoroni. Geuza kamera itazame mlango."

Tukaisukuma watatu hadi ukuta wa nyuma, tukatoa kiti nje ya kizingiti. Mkabala na mlango wetu mama mmoja, Mbok Jiyem, alikuwa anauza wali na mboga za mchuzi wa karanga, na wateja wake wote wakaacha kula.

"Jamani, mnahama?" akauliza Mbok Jiyem.

"Tunapiga picha!"

"Barabarani? Binti, kaa vizuri basi, labda kuna mchumba kwenye benchi hapa. Wewe Parto, futa mdomo, unaangaliwa!"

Wuryani akaangua kicheko. Kaka yangu alikuwa ameingiza kichwa ndani ya kitambaa cheusi.

"Vipi?" Wuryani akauliza.

"Nakuona," kaka akasema, na sauti yake haikuwa ya mfanyabiashara. "Naona mpaka kope."

Picha ilitoka safi kabisa, ila chuoni wakaikataa tena, safari hii kwa sababu alikuwa anacheka. Akapigwa nyingine, amenuna. Ile ya kicheko kaka akaitundika dirishani bila ruhusa. Wuryani akaja kugomba.

"Iondoe."

"Nikiiondoa utakuja tena?"

Akainyoosha picha iliyokuwa imeinama. Nikajua nimepata wifi.

Alifundisha shule ya hapa mjini kwa miaka mingi, na kila mwaka alileta darasa lake uchochoroni, akaficha kiti, akawapa futi kamba na chaki. Kundi moja lilisahau kupindua, likapata umbali mdogo kuliko unywele. "Mwalimu, kiti hakiingii!" wakalalamika, wamekibana kwenye lenzi. Alicheka mpaka akakaa chini. Walipotaka kumpa ualimu mkuu alikubali, akadumu kidogo, kisha akaomba arudishwe darasani. Ofisini, alisema, watu wanakuja na majibu tu.

Fundi mmoja wa Surabaya aliwahi kuifungua ile reli, akaisafisha ikateleza. Kaka akarudisha kiti ndani kwa furaha. Wateja wakagoma. "Humu ndani nitacheka na nani?" akauliza mama mmoja, akakibeba kiti mwenyewe na kukitoa nje. Ndiyo maana picha za familia nyingi hapa Blitar zina watu wanaocheka, na pembeni kidogo sahani ya mtu.

Siku hizi wengi wana simu, na studio inauza zaidi fremu. Kaka na wifi ni wazee, wanagombana kuhusu chumvi. Asubuhi Wuryani hukaa kizingitini na kahawa yake, na mtoto wa jirani akipita na daftari la hesabu humwita. Juzi mmoja alisema hesabu yake imeshindikana.

"Haya," akamwambia, akisogea kumpa nafasi. "Kaa hapa. Tunajua nini, na tunakosa nini?"