Ghala Lisilo na Meneja

Shemeji yangu, mume wa dada, watu wanamwita Kufuli, na jina hilo alilitolea jasho. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mtunza ghala wa kampuni inayosambaza vitabu na vifaa vya shule. Kila mwisho wa mwaka alifunga ghala juma zima ili ahesabu mali. Alizima umeme, akabandika karatasi mlangoni, akaingia na tochi yake, na hakuna aliyeingia wala kutoka mpaka kila boksi liguswe kwa mkono. Mwaka mmoja mkurugenzi mwenyewe alifuata daftari chache za mwanawe, akaambiwa kupitia tundu la ufunguo arudi Jumatatu. Akarudi Jumatatu. Kwa miaka yote hiyo hakuna hata kalamu iliyopotea mikononi mwa shemeji, na hilo hata wasiompenda wanakubali.

Nyumbani kwake mambo yalikuwa mengine. Yeye na dada walipanga vyumba viwili kwenye nyumba ya wapangaji wengi, choo cha pamoja, bomba la pamoja, na ugomvi wa pamoja kuhusu nani hakufagia. Kiwanja walikuwa nacho, na kuta zake zilifika kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, zikasimama hapo, bila paa, mpaka majani yakaota sebuleni. Jumapili dada alikuwa anakwenda kuyang'oa na kufagia. Nilimtania kwamba ndiye mwanamke pekee ninayemjua anayefagia mvua. Alicheka, lakini aliendelea kwenda. Kuhamia kwake ndiyo lilikuwa jambo moja alilolitaka duniani, na hakuwahi kulificha.

Shemeji alipostaafu na kiinua mgongo kikaingia, mimi sikungoja kuambiwa. Nafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nikamtengea dada mabati ya kuezeka nyumba nzima, nikayaegemeza nyuma ya magunia ya saruji na kumwambia tajiri yangu asiyaguse. Dada alikuja kuyaona. Aliyapapasa kama mtu anayechagua kitambaa, akauliza kama mvua inapiga kelele sana juu yake. Nikamwambia inategemea kenchi, ile mbao inayobeba paa. Akasema kelele si kitu.

Ndipo akatokea Fundi Kompyuta. Huyu ni mtu mzima, ana mvi na miwani, ana kibanda cha kutengeneza kompyuta karibu na soko, na hajawahi kumwibia mtu. Nasema hivyo mapema kwa sababu kila ninayemsimulia anauliza kama huyo fundi alikuwa tapeli. Hakuwa. Siku shemeji alipompelekea simu iliyovunjika kioo, wakaanza kupiga soga, na Fundi akamweleza habari za mitandao ya kuhifadhi mafaili.

Jinsi nilivyoelewa ni hivi. Badala ya mtu kuweka picha na nyaraka zake kwenye mashine za kampuni moja kubwa, anaziweka kwenye kompyuta za watu baki duniani kote. Faili linakatwa vipande, vinafungwa asiweze kuvisoma mtu, vinatawanywa. Wanaovitunza wanalipwa kwa sarafu ya mtandao huohuo, sarafu isiyoshikika mkononi. Unaweza kuinunua na kuikalia ukingoja bei ipande, au unaweza kuweka mashine yako na kuwa mtunzaji.

"Yaani ni ghala," shemeji alisema.

"Ghala lisilo na mwenyewe," Fundi akasema.

Basi shemeji akatekwa. Alikuwa amekaa nyumbani miezi kadhaa akipanga vikombe kabatini kwa ukubwa, na dada alikuwa karibu kumfukuza. Sasa alikuwa na jambo la kupima, na alilipima kweli. Sitamnyima haki yake. Alimwalika Fundi nyumbani, wakakaa mezani, nami nilikuwepo kwa sababu nilikwenda kuulizia mabati.

"Rafu zilizojaa ni ngapi?" aliuliza.

Fundi akatazama kwenye simu yake. Akasema sehemu kubwa ya nafasi bado tupu, watunzaji ni wengi kuliko wateja.

"Na hizo sarafu anazitengeneza nani?"

"Mtandao wenyewe. Kila siku zinaongezeka, ndizo wanazolipwa watunzaji."

"Kwa hiyo nikizinunua na kuzikalia, kila siku zinamwagwa nyingine sokoni, na rafu bado tupu."

"Ndiyo. Ila wateja wakiongezeka, bei inaruka."

"Wakiongezeka," shemeji akasema. "Na hao wateja wenyewe, kabla ya kuhifadhi chochote, lazima kwanza wakatafute sarafu ambayo leo ina bei hii na kesho ina bei ile. Na kampuni kubwa zinazidi kushusha bei zao. Mimi ningekuwa mteja ningekwenda wapi?"

Fundi akacheka, akakiri kwamba hata yeye picha zake ziko kwenye kampuni kubwa.

"Basi kuikalia sarafu hii ni kununua uvumi," shemeji akakata maneno. Nikapumua. Nilipumua mapema, kwa sababu hakuwa amemaliza. "Chenye maana ni kodi ya kutunza. Nami kutunza najua. Sitanunua ili niuze. Nitatunza."

Tatizo lilikuwa moja. Mtunzaji lazima aweke dhamana, sarafu nyingi zinazofungiwa mpaka mkataba uishe, na akiitelekeza kazi dhamana inakatwa. Hizo sarafu za dhamana zinapatikana kwa kununuliwa.

"Si umesema hununui?" nikamuuliza.

"Hii si kununua, shemeji. Hii ni dhamana. Hata mimi nilipoajiriwa niliwekewa mdhamini."

Nikamgeukia dada, nikitegemea atawaka. Hakuwaka. Shemeji alimwambia kiinua mgongo kitaingia kwenye mashine na dhamana kwa mwaka mmoja tu, paa litatoka kwenye kodi ya ghala na kiinua mgongo kitarudi kizima. "Wewe hujawahi kupoteza kitu cha mtu," dada alisema, akaenda kuchemsha chai. Nilikasirika mpaka nikaondoka bila kuinywa. Juma lililofuata mabati alichukua mteja mwingine.

Mashine ikawekwa chumbani, kwenye kona lilipokuwa kabati la dada, na kabati likahamia ukumbini. Ilikuwa inavuma mchana na usiku, na joto lake lilikausha nguo siku za mvua, hiyo ndiyo faida ambayo dada aliiona kwa macho. Sarafu za malipo ziliingia kidogokidogo. Bei yake ilishuka, ikapanda kidogo, ikashuka tena, na shemeji hakujali. Alisema bei ni habari za sokoni, yeye ni mtu wa ghala. Aliamka asubuhi, akavaa shati la kazini, akakaa mbele ya mashine. Niseme ukweli, alinenepa. Dada naye alirudi kusema "mwakani nikihamia" kila sentensi ya tatu.

Fundi alikuwa amemwambia mashine isizimwe. Shemeji alimsikia vizuri, na alipoulizwa baadaye alirudia maneno yaleyale. Lakini mtu aliyelelewa ghalani husikia amri ya namna hiyo kwa namna yake: ghala halifungwi hovyo, isipokuwa, bila shaka, wakati wa kuhesabu mali. Hilo haliambiwi mtu, kama ambavyo haambiwi dereva kwamba ataruhusiwa kusimama kuweka mafuta.

Mwisho wa mwaka ukafika. Shemeji akazima mashine, akachomoa waya ukutani, akafunga mlango wa chumba. Dada akahamishiwa godoro ukumbini. Juma zima alifungua diski moja baada ya nyingine, akapuliza vumbi, akakagua waya, akazipachika diski zote kwenye kompyuta ndogo aliyoazima, isiyokuwa na intaneti, ili ahakikishe kila kipande kipo na hakijaharibika. Alifanya kazi akipiga mluzi. Nilipita siku ya nne nikamkuta amekunja mikono ya shati, uso unang'aa, nikasema moyoni huyu mzee amepona. Dada alisema hajalala vizuri hivyo tangu kelele zilipoanza.

Alipomaliza akawasha. Kisha akaenda kwa Fundi kuuliza maandishi mekundu yaliyotokea kwenye skrini maana yake nini, nami nilikuwa sokoni, nikaingia naye.

"Mzee, ulizima?"

"Nilifunga. Mwisho wa mwaka."

Fundi akavua miwani. Akaeleza polepole, maana alikuwa anamheshimu. Mtandao humuuliza mtunzaji kila siku kama mali bado ipo. Asipojibu, dhamana inakatwa. Asipojibu siku kadhaa mfululizo, anahesabiwa kuwa ametoroka na mali, mkataba unavunjwa, na dhamana karibu yote inachomwa, yaani inafutwa isiwe ya mtu yeyote. Vile vipande tayari vilikuwa vimenakiliwa kutoka kwa watunzaji wengine wenye nakala zake na kupewa mtu mwingine. Kilichobaki, kwa bei ya siku ile, hakikutosha kuezeka hata choo.

"Lakini vipo," shemeji akasema. "Nimevihesabu. Hakuna hata kimoja kilichopungua."

"Najua, mzee."

"Basi nimwone nani nimweleze?"

"Hakuna mtu wa kumwona."

"Meneja wao."

"Hawana meneja. Ndivyo ulivyo mtandao wenyewe, hauna ofisi, hauna mkubwa. Ni mashine zinaulizana."

Shemeji alisimama pale kibandani akiwa ameshika kofia yake. Nadhani angeweza kustahimili kusemwa. Angeweza kustahimili hata kushtakiwa, mradi kuna meza, na mtu nyuma ya meza, anayeweza kufika ghalani akahesabu mwenyewe. Nilikuwa na maneno makali ya mwaka mzima niliyomwekea, na hayakutoka. Nilimwonea huruma, na huruma hiyo iliniudhi.

Nilimsindikiza nyumbani kwa sababu sikutaka dada ayapokee peke yake. Shemeji alimwambia kila kitu akiwa amesimama, kwa mpangilio, bila kujitetea. Dada alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja.

"Vitu vya watu vimepotea?" aliuliza.

"Hapana. Vipo vyote."

"Ungeacha kipotee kimoja, ukaacha hiyo mashine inawaka, tungekuwa na paa?"

Shemeji alifikiri, maana hakuzoea kujibu bila kuhakikisha. "Tungekuwa nalo," akasema.

Dada akaweka shati alilokuwa ameshika juu ya mengine, akalinyoosha kola. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti yake haikubadilika.

"Umewatunzia watu mali zao maisha yako yote, mume wangu, na sijawahi kukuuliza kitu. Nilidhani ukistaafu itakuwa zamu yangu."