Nilimsema mama mkwe kwa kuangalia katuni za mtoto

Admin, naomba unifichie jina, maana ndugu wa mume wangu wengi wako humu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 29, naishi Bariadi mjini, ni fundi cherehani. Nimeolewa, tuna binti mmoja wa miaka minne. Mwaka jana mume wangu alimleta mama yake kutoka Sola, Maswa, aje kukaa na mtoto sisi tukiwa kazini.

Kwenye TV mimi nina masharti. Nilikaa nikachagua vipindi vya watoto vya Kiswahili, vile vya herufi na kuhesabu, nikamwelekeza mama kwamba mtoto aangalie kimoja asubuhi, basi, TV izimwe. Sitaki mtoto ashinde kwenye kioo.

Siku moja nilirudi mchana na mteja wangu aliyekuja kuchukua gauni. Nikakuta mtoto amelala kwenye mkeka, TV inawaka, na mama mkwe amesogea karibu kabisa anaangalia kipindi cha herufi. Nilikasirika. Nikamwambia mbele ya yule mteja, "Mama, hizi katuni ni za mtoto au ni zako?" Mteja akacheka. Mama aliangalia chini, akasema nimsamehe, akainuka kwenda kuzima.

Ningeishia hapo isingekuwa shida. Lakini jioni nilimweleza mume wangu nikaongeza chumvi. Nilisema mama yake anashinda kwenye TV na kwamba nilimkuta mtoto hajala. Ndugu zangu, mtoto alikuwa amekula. Sufuria la uji nililikuta tupu, tena limeoshwa.

Mume wangu si mtu wa maneno mengi. Alimwambia mama yake kama amechoka kulea apumzike, na Jumamosi akampandisha basi la Maswa. Tangu siku hiyo hampigii simu. Akitumiwa salamu za mama kwa meseji hajibu.

Wiki iliyofuata nikiwa nafua shuka za chumba alicholala mama, nikakuta daftari chini ya godoro. Kurasa nyingi zimejaa a, e, i, o, u, halafu ba, be, bi, nyingine zimegeuzwa. Ukurasa wa mwisho ameandika jina la mume wangu, limekosa herufi moja. Nikamuuliza mtoto hili la nani.

"La bibi," akasema. "Bibi anasoma na mimi. Alisema nisikwambie, utamcheka."

Nilikaa kitandani nikalia. Kumbe miezi yote ile mama hakuwa anajua kusoma na mimi sikuwahi kujiuliza. Nilimpigia kupitia simu ya wifi yangu, nikamwomba msamaha. Akanijibu taratibu, akiniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, meseji za mwanangu nasomewa na watu. Nilitaka moja nisome mwenyewe. Ila usimwambie. Ataona aibu kwamba mama yake anafundishwa na katoto." Nikamwomba arudi, akasema huko amezoea, na pamba imeanza kuchanua. Nilijua anakwepa.

Sasa nimekwama. Nikimwambia mume wangu ukweli, ninavunja siri ya mama, na atajua nilimdanganya kuhusu chakula. Nikinyamaza, anaendelea kumchukia mama yake kwa uongo wangu. Juzi wifi kanipigia, anauliza mbona kaka yake amemsusa mama. Kwa hiyo mama hajamwambia mtu nilichomfanyia, hata binti yake wa kumzaa. Angenitukana ningepumua.

Wenye kunitukana nitukaneni, nimestahili. Lakini mkimaliza nishaurini: nianze kwa mume wangu, au nipande basi niende Sola kwanza nikampigie magoti mama? Nifanye nini?