Masale Niliyoyang'oa

Uongozi wa ofisi yetu uligundua kwamba tunakaa sana. Ni kweli, tumeajiriwa kukaa. Basi asubuhi moja ya Jumamosi tukapakiwa kwenye Coaster, watu kumi na mmoja, kutoka Njiro, kule mjini, hadi ukingo wa msitu wa Mlima Meru, tukatembezwe chini ya miti ya kale na mwongozaji mwenyeji. Mimi nimezaliwa huko huko mlimani, kati ya migomba na kahawa, najua tope la msitu ule lilivyo. Nilivaa raba nyeupe mpya.

Mwongozaji alikuwa anatusubiri penye kibao, amevaa gambuti, mkononi ana fimbo. Alikuwa kaka yangu mkubwa, wa tumbo moja.

Tulikuwa hatusemezani tangu nilipojenga uzio. Baba alipotugawia shamba aliweka mpaka wa masale, ule mmea wetu wa majani marefu ambao Wameru huupanda mpakani na hakuna anayethubutu kuugusa. Mimi nimeishi Njiro miaka mingi, mahali ambapo kila nyumba ina ukuta na kila ukuta una vipande vya chupa juu, nikaona masale ni majani tu. Nikaleta mafundi, wakayang'oa, wakasimika nguzo na seng'enge. Mpaka wenyewe sikuusogeza hata kidole, na nilidhani hilo lingenitetea. Kaka alikuja, akautazama uzio, akarudi kwake bila kusema neno. Nami nina hasira za karibu. Nikasema kama yeye hasemi, na mimi sisemi. Mama, mwenye miaka mingi na meno machache, alikuwa ananikumbusha kila Jumapili kwenye simu kwamba hadai kitu kingine duniani ila kutuona tumekaa meza moja kabla hajafa.

Wenzangu walimwamkia mmoja mmoja. "Shikamoo, mzee." "Marahaba." "Shikamoo." "Marahaba." Zamu yangu ilipofika nikasema, "Habari za hapa."

Kwetu mdogo hamwambii kaka yake mkubwa habari za hapa. Alinitazama kama mtu aliyeshuka na ndege asubuhi hiyo.

"Nzuri, mgeni," akasema. "Karibu Meru."

Tukaingia msituni. Kulikuwa na baridi na unyevunyevu, na mbega walikuwa wanaturushia vijiti kutoka juu. Kaka alieleza vizuri, kuliko nilivyotarajia, na hilo liliniudhi. Alitusimamisha chini ya mringaringa mnene sana, akaugonga kwa fimbo.

"Mti huu aliukuta babu yake babu yangu."

Ni babu yake babu yangu pia. Nikaupiga picha kama wageni wengine.

Dada wa mapokezi wa ofisi yetu, ambaye huuliza maswali hata msibani, akataka kujua kama kuna mtu amewahi kupotea humo.

"Mmoja," kaka akajibu. "Mdogo wangu. Tulitumwa kuni, yeye akaja na viatu vya kanisani. Akaona mbega, akamfuata. Nimemtafuta mpaka jua linakaribia kuzama, namkuta kakaa hapa hapa chini ya mti huu, analia, na viatu kavua visichafuke."

Wote wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa kuchelewa kidogo. Kisa nilikuwa nakijua vizuri, viatu vilikuwa vyangu.

"Alichapwa?" dada wa mapokezi akauliza.

"Nilichapwa mimi. Mzee aliuliza ni nani kamwacha mtoto njiani, nikasema ni mimi. Alikuwa mdogo sana yule, asingeziweza fimbo za mzee."

Sehemu hiyo sikuwa naijua. Kwa zaidi ya miaka arobaini nimeamini kwamba siku ile baba aliamka na roho nzuri. Niliona aibu, ile inayopasha masikio moto, nikainama nikajifanya nafunga kamba za raba.

"Na sasa hivi yuko wapi?"

"Alihamia mjini," kaka akasema, akaendelea na njia.

Tulitokea upande wa pili, pale msitu unapokutana na mashamba ya watu. Mbele yetu kulikuwa na mstari wa masale. Kaka akasimama.

"Haya yana kazi mbili," alisema. "Ya kwanza ni mpaka. Ya pili ni msamaha. Ukimkosea mtu, unamletea jani la isale limefungwa fundo. Akishaletewa, hana ruhusa ya kukataa, hata kama ulimkosea vibaya."

"Na mtu akiyang'oa masale yenyewe?" Ni dada wa mapokezi tena.

"Huyo hata jani la kuombea msamaha atalitoa wapi?" kaka akasema, macho yake yakiwa mlimani.

Sikupanga kusema kitu. Nilijisikia tu nikisema, "Naomba jani moja."

"La nini?"

"La kufunga fundo."

Wenzangu walidhani ni sehemu ya maelezo, wakatoa simu kurekodi. Kwa desturi unakuja na jani lako, na unamtanguliza mtu mzima wa kukusemea. Sijawahi kusikia mtu aliyekwenda kwa aliyemkosea akamwomba na jani pia. Lakini kwangu kulikuwa na seng'enge. Kaka akachuma jani moja la chini, akanipa. Nikalifunga nijuavyo, yaani kama kamba ya kiatu. Alilitazama kwa masikitiko.

"Siyo hivyo."

Akalichukua, akalifungua, akalifunga upya polepole ili nione, akanirudishia. Nami nikampa tena yeye, kwa mikono miwili.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Watu wakapiga makofi. Meneja akasema maonyesho ya utamaduni ndiyo yamempendeza kuliko miti. Kaka akalitia jani kwenye mfuko wa shati, akamgeukia dada wa mapokezi.

"Uliniuliza mdogo wangu yuko wapi," akasema, akaninyooshea kidevu. "Ndiye huyu. Mpaka leo anakuja msituni na viatu vya kanisani."

Dada yule akaziangalia raba zangu, zimejaa tope. Kisha kaka akanisemesha kwa Kimeru, ili yabaki yetu: Jumamosi ijayo nije na jembe na gambuti, miche ya masale ataitoa kwake, na leo hii nimpigie mama nimwambie siku hiyo tutakula mezani kwake, wote wawili.