Spana ya Ukutani

Mtu mzima akipachikwa jina la utani na wenzake kazini, mara nyingi amelitafuta mwenyewe. Huyu wetu, dereva wa kutembeza wageni katika hifadhi ya wanyama, aliitwa Jana. Kila alipowafikisha wageni kwenye mti wa chui na chui hayupo, alizima gari, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema, "Jana alikuwa hapa hapa. Lile tawi la pili." Wageni waliutazama mti mtupu kwa heshima kubwa. Ukweli ni kwamba hata hiyo jana yenyewe mti ulikuwa mtupu, na wageni wengine waliambiwa maneno yaleyale.

Wageni walimpenda, naye aliwapenda kwa namna yake. Katika miaka ishirini na sita alibeba watu wa kila aina. Alimbeba bwana mmoja aliyepiga picha kisiki kwa nusu saa akiamini ni simba amelala. Jana hakuwa na roho mbaya ya kumharibia siku, alimwambia tu asipige kelele. Alimbeba mama aliyetaka kujua wanyama hufunguliwa saa ngapi. Alibeba maharusi walionuniana tangu langoni, wakapatana kwenye bwawa baada ya kuona viboko wawili wakigombana vibaya kuliko wao. Na alimbeba mzee mmoja ambaye, alipomwona twiga kwa mara ya kwanza, alivua kofia, machozi yakamtoka, asiirudishe kichwani mpaka jioni. Huyo Jana hakumsahau, na hakuwahi kumtania.

Kazi yake aliijua, tusimwonee. Madereva wapya walipelekwa kwake kufundishwa, na somo la kwanza lilikuwa moja siku zote: ukipata pancha, usishuke. Zima gari. Simama, toa kichwa kwenye tundu la paa, zunguka taratibu utazame pande zote nne, kichaka kwa kichaka. Piga bodi la gari kwa kiganja mara tatu. Subiri dakika tano kamili za saa. Hapo ndipo ufungue mlango. "Anayeona uvivu wa dakika tano," aliwaambia, "akatafute kazi ya kuendesha gari la mikate."

Tatizo la Jana halikuwa kazini. Lilikuwa nyumbani, limetundikwa kwenye msumari juu ya kochi.

Ilikuwa spana ya kufungulia magurudumu, ndefu, yenye mpini wa mpira mwekundu. Kwa miaka kumi na minane kila aliyeingia sebuleni pale aliambiwa habari zake: jinsi Jana alivyokuwa akibadilisha tairi, simba dume akatokea, wageni wanne wakapiga mayowe ndani ya gari, naye akasimama wima, akamtazama simba machoni, akamchapa spana ya pua. Moja tu. Simba akageuka akaenda zake. Mke wake aliisikia hadithi hiyo mara nyingi kiasi kwamba aliweza kukunja nguo zote za watoto na kumaliza pamoja nayo. Watoto waliipenda. Aliyemkera ni shemeji yake, kaka wa mkewe, mwalimu wa hesabu.

"Mwaka juzi alikuwa hatua sita," shemeji alikuwa akisema. "Mwaka jana nne. Leo mbili. Shemeji, mwakani simba atakuwa amekaa mapajani mwako."

Watu walicheka, Jana naye alicheka, lakini moyoni ilimchoma. Alikuwa mtu wa kusema "ndiyo bwana" na "samahani mama" kutwa nzima. Nyumbani alitaka awe mtu aliyempiga simba pua. Si jambo kubwa la kumnyima mtu.

Sasa, hifadhi ilikuwa na siku moja kwa mwaka ambapo wafanyakazi waliruhusiwa kuingia na jamaa zao. Mwaka huo mama mkwe wa Jana, ambaye hakuwahi kuomba kitu katika nyumba ile, alisema anataka kwenda. Alikuwa mkunga mstaafu, mwembamba, asiye na maneno mengi. Kwa miaka arobaini aliwaambia wanawake walio katika uchungu ni wakati gani wa kusukuma na ni wakati gani wa kungoja, na sauti ile ilikuwa bado ipo. Jambo jingine lililojulikana na wote ni kwamba hakuwahi kusema uongo. Hata ukimpikia chakula kibaya alikwambia kibaya, kisha akaomba kuongezewa.

Shemeji alifurahi kupita kiasi. "Basi yamekwisha," alisema usiku wa kuamkia safari. "Mama akirudi tutamuuliza yeye. Aseme kama huyu ni mtu wa simba au ni mtu wa usukani tu. Akisema ndiyo, mimi nafunga mdomo maisha. Akisema hapana, spana ishuke ukutani." Wote walikubali. Jana alikubali kwa sauti kubwa kuliko wote, na usiku hakupata usingizi.

Asubuhi alipewa gari la zamani kuliko yote, maana mazuri yalikwenda kwa wakubwa. Mama mkwe alikaa nyuma yake, mkoba mapajani, mgongo umenyooka. Walizunguka kwa saa nne. Waliona swala, pundamilia, ngiri mmoja na familia yake, na nyani aliyewageuzia makalio. Kwenye mti wa chui Jana alizima gari, akafungua mdomo.

"Usiniambie jana," mama mkwe alisema.

Akaufunga mdomo.

Saa saba, jua likiwa la kuchemsha bongo, tairi la nyuma lilipasuka. Jana alifungua sanduku la vifaa: jeki ipo, spana haipo. Kuna mwenzake aliiazima, na wenzake wakiazima huwa wameondoka nayo. Alikuwa bado anapekua ndani ya sanduku aliposikia zipu ya mkoba.

"Nimekuja na hii," alisema mama mkwe. Alishika spana ya ukutani kwa mpini wake mwekundu. "Nilitaka unionyeshe ulivyofanya siku ile."

Hapo ndipo mwalimu wa madereva alipofanya lile ambalo angemfukuzia mwanafunzi wake yeyote. Hakutoa kichwa kwenye paa. Hakutazama vichaka. Hakupiga bodi wala hakungoja hata nusu dakika. Mama mkwe alikuwa akimtazama, spana iko mkononi, na mtu aliyempiga simba pua hawezi kuonekana akichungulia nyasi kwa woga. Akafungua mlango, akaruka chini akipiga mluzi.

Alipachika jeki, akalegeza nati tatu. Alikuwa amepiga magoti kwenye ya nne aliposikia sauti juu yake.

"Mwanangu, hebu ingia. Miwani yangu imeanguka chini ya kiti."

"Sawa Mama, nimalizie nati mbili."

"Ingia sasa. Usikimbie. Weka spana chini, panda, funga mlango."

Ilikuwa ile sauti ya chumba cha uzazi. Jana alitii kabla hajaamua kutii. Alipanda, akafunga mlango, akainama kutafuta miwani. Kisha akaona miwani iko usoni kwa mwenyewe.

"Sasa tazama kulia," alisema mama mkwe. "Taratibu."

Simba jike alikuwa ameshatoka kichakani, hatua kumi na mbili hivi, za kweli, zisizopungua kila mwaka. Alitembea bila haraka yoyote mpaka kwenye gari, akanusa jeki, akanusa mahali magoti ya Jana yalipokuwa, kisha akajibwaga kwenye kivuli cha gari na kuegemea mlango wa dereva. Gari likainama kidogo. Akaiona spana, akaivuta kwa mguu, akaanza kuutafuna mpini.

Jana alitetemeka mpaka funguo zikalia. Mama mkwe alimshika mkono, akaubana kama alivyobana mikono mingi kabla ya huo.

"Vuta pumzi. Toa. Hivyo hivyo. Waite wenzako kwenye redio."

"Siwezi, Mama."

"Kwa nini?"

"Watauliza kwa nini nilishuka bila kutazama. Na mimi ndiye ninayewafundisha kutazama."

Mama mkwe alifunga zipu ya mkoba. "Basi tungoje," alisema.

Walingoja kwa saa mbili. Ndani ya gari lililofungwa, jua likipiga bati na simba akikoroma ubavuni, uongo haukai mwilini mwa mtu. Unatoka pamoja na jasho. Jana alisema yote. Siku ile, miaka kumi na minane nyuma, hakumwona simba. Alimsikia tu, tena mbali, pengine ng'ambo ya mto. Alitupa spana na kuingia garini kupitia dirishani, kichwa kwanza, na wale wageni wanne wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya matembezi. Spana hakuirudia. Iliyopo ukutani aliinunua dukani wiki iliyofuata.

"Najua," alisema mama mkwe.

"Unajua?"

"Huwa napangusa vumbi pale sebuleni, mwanangu. Karatasi ya bei ya dukani bado imebandikwa nyuma."

Jana alifunika uso. Kisha alisikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia tangu aoe: mama mkwe alikuwa akicheka. Alicheka kimya kimya, mabega yakipanda na kushuka, mkono umeziba mdomo ili simba asiamke, machozi yakimchuruzika, na kila akitulia alinong'ona "kichwa kwanza" na kuanza upya. Jana naye akashindwa kujizuia.

"Mama," alisema baadaye, "nakuomba. Wakikuuliza, usiseme kitu. Usiseme nilivyotetemeka, usiseme ya dirishani. Usiseme chochote."

"Wakiniuliza nitasema nilikuwa nimelala."

"Lakini wewe hujawahi kusema uongo."

"Nimekuahidi," alisema. "Sasa nyamaza, amejigeuza."

Saa tisa simba jike aliamka, akajinyoosha, akaenda zake bila kuaga. Safari hii Jana alitoa kichwa kwenye paa, akazunguka mara mbili, akapiga bodi mara tatu, akangoja dakika kumi badala ya tano. Mama mkwe alihesabu dakika kwa saa yake ya mkononi.

Jioni familia nzima ilikuwa mezani ikingoja. Jana alikwenda kuoga. Aliporudi, mama mkwe alikuwa ameshaketi na shemeji ameshaanza. "Haya Mama, tuambie. Kutwa nzima, umeona nini? Umeona simba huyo, au umeonyeshwa miti ya jana?"

"Nimeona ngiri," alisema mama mkwe, akijipakulia.

Shemeji alipiga meza kwa furaha. "Ngiri! Jamani, mama wa watu kaamka alfajiri, kakaa juani kutwa, katembezwa aone ngiri!"

Jana alikuwa amejiandaa kuchekwa. Hakujiandaa kuona mama yule akichekwa, mwanamke aliyemwita garini kwa sauti ya utulivu wakati mtu mwingine angepiga kelele na kumuua. Alisikia haya iliyo tofauti na ile aliyoizoea.

"Ameona simba," alisema. "Na ameniokoa maisha yangu."

Akasimulia. Alisimulia bila kuongeza hata nywele: alivyoshuka bila kutazama, miwani, mlango kuegemewa, mpini kutafunwa, saa mbili za kutetemeka ameshikwa mkono kama mjamzito. Alipofika kwenye mjamzito mke wake alikuwa ameshaweka kijiko chini. Alipomaliza, shemeji aliangua kicheko mpaka akapaliwa.

"Hapana, hii umezidisha! Simba amelala kwenye mlango wako! Anatafuna spana! Na Mama anatafuta miwani!" Alifuta macho. "Mama, kweli haya?"

Wote walimgeukia. Jana alimtazama kwa macho ya kumsihi, safari hii kwa sababu nyingine kabisa.

"Mimi nilikuwa nimelala," alisema mama mkwe.

Nyumba ililipuka kwa kicheko. "Mama, spana!" Jana alisema. "Spana ina alama za meno, itoe waione!"

"Spana ile pale."

Ilikuwa kwenye msumari wake juu ya kochi. Mama mkwe aliirudisha wakati Jana yuko bafuni, akaigeuza: upande uliotafunwa umetazama ukuta, na upande uliokuwa umefichwa kwa miaka kumi na minane, ule wenye karatasi ya dukani, umetazama watu. Karatasi yenyewe haikuwepo. Mama mkwe alikuwa ameibandua, na kipande chake bado kilikuwa kimemng'ang'ania kwenye ukucha. Jana alipoinuka kwenda kuigeuza, alimshika mkono chini ya meza, akaubana kama kule garini, naye akaketi.

"Lakini nitakwambia kitu, shemeji," mwalimu wa hesabu alisema, ametulia sasa. "Wewe ukitunga, unatunga vibaya. Nimekusikia leo. Hii haina kichwa wala miguu, mtoto mdogo angekukamata. Kwa hiyo ile ya zamani, ile ya pua, ambayo inaaminika..." Alikuna kidevu. "Ile lazima ilikuwa kweli. Nafunga mdomo."

Akamnyooshea mkono mbele ya watu wote. Ulikuwa mkono ambao Jana aliungoja miaka kumi na minane. Aliupokea, akatamani kuurudisha.

Mama mkwe alimsogezea bakuli la mboga. "Mwanangu, hebu tusimulie ile ya pua," alisema. "Mimi naipenda."

Watoto walisogeza viti. Jana alikohoa, akaitazama spana, akamtazama mama yule aliyetumia uongo wake wa kwanza na wa pili, siku moja, kwa ajili yake. Akaanza. Mara mbili alikatiza akanywa maji, na watu wakadhani ni kumbukumbu.

"Alikuwa hatua ngapi vile?" mama mkwe aliuliza.

"Kumi na mbili," alisema Jana.